Kabati la Viwavi la Zena

Wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu, kaa chini kwanza. Usikimbilie kuuliza utapona lini, hakuna atakayekujibu. Mimi nilimuuliza nesi siku ya kwanza, akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwalimu, panga mstari." Basi, nikapanga mstari.

Naandika haya kwa sababu mwalimu mwenzangu ana binti aliyeanza sindano wiki hii, akaniomba nikamweleze yaliyonipata. Nilikwenda nikakaa naye, nikashindwa kusema la maana. Sikio langu la kushoto limekufa, la kulia husikia likipenda, na binti mwenyewe analia chini chini. Nikaona heri niandike. Habari za vijidudu na mapafu waachie madaktari. Mimi nitakusimulia benchi, matako yangu, mama mkwe wangu, na viwavi.

Mwaka wenyewe ni ule wa unga wa njano. Tulikuwa tunapanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na kila Jumamosi darasa langu la nne lilikuwa shamba la shule na majembe, mimi nikiwa mbele yao. Nilianza kukohoa vuli ilipoanza. Nikasingizia chaki. Nikasingizia vumbi. Mume wangu Hamza, karani wa reli, akasema ni baridi inayoshuka mlimani asubuhi, kwamba kwao Upareni hakuna baridi mbaya kama ya Morogoro. Nikawa nakunywa chai ya tangawizi mpaka siku niliyokohoa mbele ya darasa, nikajifunika mdomo na kifutio cha ubao, na nilipokitoa kilikuwa na damu. Mtoto wa dawati la mbele akaona.

"Mwalimu, umejikata?"

Nikamwambia ndiyo, nimejikata.

Zahanati nikaandikiwa sindano sitini, moja kila siku, halafu vidonge mwaka mzima na zaidi. Nyumba ilibadilika kabla hata sindano ya kwanza haijaingia. Hamza akahamia sebuleni na mkeka. Kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike. Mama mkwe akaja kutoka Upare na kapu la maharage kututunza, na kaka yangu Mkude akashuka kutoka kwetu juu mlimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu, kumchukua mwanangu Zena. Nesi alikuwa amesema wazi kwamba mtoto asilale nami chumba kimoja, na sisi chumba tulikuwa nacho kimoja.

Zena alikuwa na miaka sita, na alikuwa na viwavi. Kosa ni langu. Nilifundisha darasa la nne habari za yai, kiwavi na kipepeo, naye alikuwa anakaa nyuma ya darasa akinisubiri, akasikia yote. Tulikuwa na kabati la kuwekea mboga, la mbao, lenye waya wa mbu pande zote ili nzi wasiingie, mguu mmoja umeliwa na mchwa. Akalifanya lake. Akalijaza matawi ya mlimau na viwavi aliowatoa kwenye mti wa jirani. Wakiwa wadogo wale viwavi huwa weusi wenye doa jeupe, utadhani mavi ya ndege. Wakikua huwa kijani, wanene kama kidole gumba. Ukimgusa mmoja mgongoni anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani, na harufu inayokera. Zena hakuna alichokipenda duniani kuliko hicho. Alikuwa anamgusa kwa ncha ya kidole kimoja, anarudi nyuma nusu hatua, anangoja pembe. Zikitoka anacheka mpaka anakaa chini.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, mimi niko kitandani.

"Mama, usiwaache wafe."

"Sitawaacha."

"Na hawa waliolala wakiamka, uniite."

Waliolala ndio jina alilowapa wale waliokwisha kujifunga uzi kijitini na kugeuka ganda. Nikamwambia nitamwita. Sikumkumbatia. Nilimpungia mkono dirishani, naye akapunga, kisha nikamsikia anamuuliza mjomba wake kama kikapuni kuna maandazi. Nililia siku ile mpaka mama mkwe akagonga ukuta.

Sasa benchi. Benchi la zahanati ya kifua lilikuwa nje, chini ya upenu wa bati, na kiangazi kile joto lilikuwa linashuka kutoka juu kama la mkate uliopaliwa makaa juu. Tulikaa kwa mpangilio wa waliowahi. Sindano zilikuwa zinachemshwa kwenye sufuria na tulikuwa tunasikia zinavyogongana humo ndani, na kila mmoja anajifanya hasikii. Leo kushoto, kesho kulia. Wiki ya tatu matako yangu yalikuwa magumu, nesi anatafuta pa kuchoma anapapasa kama anayechagua nazi. Usione aibu. Mwambie pale panauma, achome kwingine. Mimi niliona aibu, nikapata jipu.

Mwili ukaniacha. Nilipimwa nikakutwa kilo thelathini na tisa. Pete ilikuwa inadondoka kwenye beseni la kufulia, nikaivua nikampa Hamza akaiweke, na alivyoipokea kwa haraka nilimchukia siku mbili. Masikio yakaanza kuvuma, halafu nikawa naona ardhi inainama upande mmoja nikitembea. Kutoka nyumbani Kilakala hadi zahanati watu walikuwa wanadhani mwalimu amelewa. Nikamwambia nesi. Akasema dawa ndivyo ilivyo, uchague masikio au kifua. Nikachagua kifua. Hata leo sijutii, ila wewe sema mapema, siku hizi nasikia wanaweza kubadilisha.

Na viwavi wanakula, bwana! Hujui ulafi mpaka ufuge viwavi. Jirani mwenye mlimau alipojua ninachoumwa akanikataza kuugusa mti wake. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, utanisamehe, watoto wangu wanakula malimau haya." Nilimsamehe kwa mdomo. Viwavi wa Zena walikaa na vijiti vitupu siku nzima, na mimi nikakaa nao nikiwaza nitamwambia nini mtoto.

Aliyeniokoa ni mfungwa. Aliitwa Athumani, alikuwa analetwa kila Jumatatu kuchukua vidonge na askari mmoja kutoka shamba la magereza upande wa Kingolwira, anakaa mwisho wa benchi ambako hakuna anayetaka kukaa. Mimi pia nilikuwa nakaa huko, maana nilikuwa nakohoa kuliko wote. Aliniuliza ninachonung'unika ni nini. Nikamweleza. Nilidhani atanicheka.

"Majani ya mlimau tu?" akasema. "Huko kwetu malimau yapo mstari mzima. Afande, si yapo?"

Askari akasema yapo. Jumatatu iliyofuata Athumani alikuja na matawi yamefungwa kwenye gazeti lenye maji, yanatosha wiki nzima, na kwenye majani mengine mayai ya kipepeo yameshabandikwa tayari, madogo kama punje ya ulezi.

"Wadudu wako wanakula vizuri kuliko mimi," akaniambia.

Akawa analeta kila wiki. Watano wa kwanza walitoka ganda kwenye sindano yangu ya arobaini. Nikatuma ujumbe mlimani na mama mmoja muuza mboga: Zena aambiwe waliolala wameamka. Jibu likarudi baada ya siku nne, Mkude anasema mtoto hawezi kushuka bado. Nikafungua kabati nikawaachia. Jumatatu moja mwanzo wa masika askari akaja peke yake, na matawi mkononi. Akanipa. "Alisema nikuletee," akasema, akasimama kidogo, akaondoka. Sikumuuliza kitu, maana pale benchini hatukuwa tunauliza. Nilirudi nyumbani na majani yale nikiwa nimeyakumbatia, na watu walikuwa wananipisha njia.

Sindano sitini zikaisha, makohozi yakapimwa, yakakutwa bado machafu. Nikaongezewa thelathini. Sikuambii hili nikutishe. Nakuambia ili likikupata usidhani ni wewe peke yako.

Masika ilipokuwa katikati Mkude akashuka tena, matope mpaka magotini, bila Zena. Alinisalimia dirishani, akaniangalia, nikaona macho yake yakikwepa. Halafu akakaa uani na mama mkwe na Hamza. Walikuwa wameambiwa kwamba sindano zimenitia uziwi, basi wakawa wanazungumza waziwazi. Lakini sikio la kulia lilikuwa bado, na mimi nilikuwa nimelilalia la kushoto.

Inabidi ujue jambo moja. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kwao Hamza mtoto ni wa baba. Miaka saba ya ndoa tulilichekea jambo hili, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekufa.

"Mama, sisi hatuna ugomvi," Mkude alisema. "Ila likitokea la kutokea, Zena anabaki kwetu. Ndivyo tulivyo."

"Likitokea la kutokea," mama mkwe akasema, "Zena ana baba. Baba ana kwao. Mimi siwezi kurudi Upare nikasema mjukuu nimemwacha mlimani kwa watu."

"Sisi si watu, mama. Ni wajomba."

"Haya, wajomba."

Nikamngoja Hamza aseme neno. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu na kijiti, akakwangua mpaka kikawa safi. La kutokea lilikuwa mimi. Walikuwa wanagawana mtoto wangu na mimi bado napumua.

Nilitoka nimeshika ukuta. Sauti sikuwa nayo, ilikuwa kama ya kufungua mlango wenye kutu, lakini nilisema, "La kutokea halijatokea. Kaka, mwanangu utamleta lini?"

Mkude akainuka. Si mtu mbaya. Alitaka kunishika mkono, akakumbuka, akauweka mfukoni. "Mwaju, makohozi yakiwa safi mara mbili, namleta mwenyewe. Yakiwa bado machafu mpaka vuli, nitamwandikisha darasa la kwanza kule kule, na atakuwa mtoto wa kule. Siwezi kumpandisha na kumshusha kila mwaka. Mtoto ataharibika."

"Na mimi nitakwenda kumchukua kule kule," mama mkwe akasema.

Ndiyo hivyo. Nilikuwa na muda mpaka vuli. Kabati likawa ndilo kitu pekee cha Zena nilichobaki nacho, nikawa nakaa nalo kutwa. Mwisho wa masika nilikuwa na waliolala kumi na wawili. Nilijipa imani ya kijinga, mimi mwalimu wa sayansi, kwamba hawa kumi na wawili wakitoka salama na makohozi yatakuwa salama.

Nesi alikuwa amemfundisha mama mkwe jinsi ya kukaa na mgonjwa. Jua, alimwambia, jua linaua vijidudu. Anika godoro, anika shuka, anika kila alichokishika. Na masika ile jua lilikuwa adimu. Lilipotoka mara ya kwanza, Jumanne, mimi niko zahanati, mama mkwe alitoa kila kitu nje. Godoro, mto, vitabu vyangu, viatu. Na kabati. Akaliweka juu ya bati la banda la kuku, mahali penye jua zuri kuliko pote, tangu asubuhi hadi nilipofika saa tisa.

Nilipolishika mbao zilikuwa zinaunguza. Kumi na wawili wote walikuwa wameshakauka, vimebaki vitu vyepesi vinavyolia kama njugu ukitikisa.

Nilisema maneno siku ile ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia mama aliyemzaa mume wangu kwamba amekuja kuningoja nife ili aondoke na mtoto. Majirani walitoka. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa damu, mara ya kwanza tangu sindano zianze, nikakaa chini kwenye matope. Mama mkwe alisimama na shuka langu mikononi. Aliponiinua ndipo akasema, taratibu, karibu na sikio langu zima, "Mama Zena, mimi nilitaka mtoto akirudi akute kabati halina ugonjwa. Achezee tu."

Akaingia ndani na sikumwona hadi jioni.

Asubuhi hakuwapo. Alirudi saa nne, khanga imelowa umande, mikononi ana majani yenye viwavi. Kumbe yule mama, anayeogopa viwavi hata kuwataja, alikuwa amekwenda kwa jirani, akaomba mlimau, akakataliwa, akaomba tena akasema hatashika mgonjwa atashika yeye, akakubaliwa. Akawa anakwenda kila siku. Watoto wa mtaa walimcheka, bibi anachunga wadudu. Aliwachukua kwa kijiti na uso ameugeuza pembeni. "Wanyama wako wameshiba," ananiambia, "na wewe kula." Halafu ananiletea makande, anasimama pale mpaka niyamalize. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilikula makande, na yeye alijua.

Kipupwe kilikuwa cha baridi na viwavi walikua polepole. Wengine walijifunga vizuri, wakageuka ganda, na siku ya kutoka badala ya kipepeo vikatoka vijidudu vyeusi vyenye kiuno chembamba, makumi, vilivyokuwa vimemla kiwavi kwa ndani. Nililijua jambo hilo kitabuni, sikuwahi kuliona. Mama mkwe akavua kandambili akavipiga kimoja kimoja. "Hiki ndicho kifua kikuu chao," akasema. Sikucheka.

Mwezi wa saba makohozi yakawa safi. Mwezi wa tisa yakawa safi tena. Nesi aliandika kwenye kadi akaniambia, "Vidonge usiache hata siku moja, Mwalimu, hata ukijiona ng'ombe dume." Na wewe usiache. Nilimjua dada mmoja pale benchini aliyejiona ng'ombe dume.

Mkude ni mtu wa neno lake. Alimleta Zena siku ya tatu ya mvua za vuli. Nilikuwa nimevaa gauni lililokuwa likinikaa zamani, nimekaa kwenye kiti uani, nimejipaka mafuta. Miezi kumi nilikuwa nikifikiria jinsi atakavyonirukia. Nilikuwa nimepanga hata upande wa kumpokelea, wa kulia, ili nisikie atakachosema.

Alikuwa amerefuka, amenyolewa. Alisimama nyuma ya mjomba wake amelishika shati lake.

"Msalimie mama yako," Mkude akasema.

"Shikamoo." Aliisema kwa mbali, kama anavyoamkiwa mwalimu mkuu.

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Hakuja. Mkude alikuwa amemfundisha vizuri, kwamba mama haguswi, mama hasogelewi, na hakuna aliyekumbuka kumfundisha kwamba sasa basi. Akamwambia mjomba wake kitu kwa Kiluguru, na ndani yake nikasikia anamtaja mke wa Mkude kwa jina la mama. Nilijishika magoti kwa mikono miwili.

"Njoo uwaone wanyama wako," mama mkwe akamwita.

Hapo akaja. Alipita mbele yangu akachuchumaa kwenye kabati. Mmoja alikuwa ametoka asubuhi ile, ananing'inia kukausha mabawa, meusi yenye madoa ya njano. Waliolala walikuwa wamebaki wanne. Zena aliwatazama muda mrefu.

"Ndio wale wale?"

Hilo nililisikia. Ningeweza kusema ndiyo. Mama mkwe alikuwa ananiangalia, nadhani alikuwa ananiomba niseme ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Wale ulioniachia walitoka, wewe hukuwapo. Waliofuata walikauka. Hawa amewatafuta bibi yako."

Akafikiri. Halafu akasema jambo lingine, chini chini, bila kugeuka.

"Umesemaje, mwanangu?"

Akarudia. Sikusikia. Akamtazama bibi yake, na mama mkwe akainama kwenye sikio langu, akasema kwa ile sauti kubwa aliyokuwa ameshaizoea, uani kote kukasikika:

"Anauliza kama na wewe ni yule yule."

Hamza, aliyekuwa amesimama pembeni, aligeuka akaelekea getini. Uso wangu ulikuwa umesawajika, nywele zimenyonyoka mbele, sauti si yangu. Nilishuka kwenye kiti, nikachuchumaa chini mbele yake, nikamgeuzia mgongo.

"Niguse uone," nikamwambia.

Halafu nikahisi kidole kimoja, ncha yake tu, begani. Kikaondoka. Nikajua bila kugeuka kwamba amerudi nyuma nusu hatua na anangoja nitoe kitu, kama wale viwavi. Kikohozi kilikuwa kimeshafika kooni. Nikabana pumzi nisimkimbize, machozi yakanitoka, nikaendelea kubana, na kile kidole kikarudi mara ya pili.